Vihisi vya Kuvaa na Faragha Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu walioombwa kuvaa bangili za utafiti, kwa jamaa zao, na kwa vijana wanaotumwa kuzigawa nyumba kwa nyumba kisha wanakwama mlangoni kwa kukosa jibu. Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yanayoumiza kichwa. Ukiwa na haraka, soma la 8 na la 10 kwanza.

## Mambo ya mwanzo

1. Kihisi cha kuvaa ni nini hasa?

Ni kifaa kidogo kinachovaliwa mkononi, kiunoni, pajani au shingoni, ambacho kinaandika chenyewe mambo yanayotokea mwilini mwako au karibu nawe: umetembea, umekaa, umelala, moyo unapiga kwa kasi gani. Saa janja za dukani zimo kwenye kundi hili, na pia vile vidude visivyo na kioo wala saa ambavyo watafiti hupenda.

Wengi hukiita "sensa" tu. Tanzania neno hilo lina mwenyewe: tangu Agosti 2022, ukibisha hodi ukasema umeleta sensa, mwenye nyumba atakujibu kwamba yeye alishahesabiwa. Sema kihisi.

2. Kinasikia tunavyozungumza? Kinapiga picha?

Inategemea kilichomo ndani, na hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza anayekuletea.

Kilicho rahisi kuliko vyote kina akselerometa peke yake. Hiyo hupima mchapuko, yaani jinsi mkono unavyoongeza au kupunguza kasi, katika pande tatu: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Hufanya hivyo mara nyingi kwa sekunde, katika tafiti kubwa hata mara 100. Ukifungua faili lake unakuta safu tatu za namba na saa iliyoandikwa pembeni. Hakuna maikrofoni, hakuna kamera, hakijui uko Tandale au Tandahimba.

Saa janja ni habari nyingine. Nyingi zina taa ya kijani ya kupimia mapigo ya moyo, zina GPS, yaani kipokezi cha satelaiti kinachojua mahali ulipo, na baadhi zina maikrofoni. Kamera za shingoni zipo pia. Tumezieleza kwenye swali la 11.

3. Kwa nini msituulize tu tunafanya nini kutwa?

Tunauliza. Tatizo ni kwamba hakuna anayekumbuka. Muulize mama amefanya kazi saa ngapi jana, atahesabu saa za shambani; kuchota maji, kufua na kusonga ugali hazihesabu, kwa sababu kwake hizo si kazi, ni maisha. Mwanamume naye akiulizwa amelala saa ngapi atataja saa aliyopanda kitandani.

Kihisi hakina aibu wala majivuno. Uingereza, mradi wa UK Biobank uliwavisha watu zaidi ya 100,000 kihisi cha mkononi kwa siku 7 kila mmoja, kati ya 2013 na 2015, na hadi leo watafiti wanachimbua humo uhusiano wa mwendo, usingizi na magonjwa. Kwetu mfano mzuri ni wa Wahadza wa pembeni mwa Ziwa Eyasi. Watu hudhani wawindaji hawakai kitako. Vihisi vya pajani, ambavyo hujua paja limelala au limesimama, vilionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwamba hutulia karibu saa 10 kwa siku; tofauti yao na sisi wa ofisini ni kwamba wao huchuchumaa na kupiga magoti, kwa hiyo misuli ya miguu haijalala. Utafiti mwingine, wa 2017, uliwavisha watu wazima 33 vihisi vya mkononi kwa siku 20. Muda ambao wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja, ukijumlisha siku zote hizo, ulikuwa dakika 18. Kila usiku kulikuwa na mtu macho. Hilo usingelipata kwa dodoso hata ungeuliza mwaka mzima.

4. Hatua 10,000 kwa siku ni amri ya daktari?

Hapana. Namba hiyo ilianzia Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake "kipimo cha hatua elfu kumi". Lilikuwa jina la biashara. Kutembea ni kuzuri, lakini ukifika 7,000 usijione umefeli mtihani.

## Kuvaa siku hadi siku

5. Nitaoga nacho? Na udhu je?

Vihisi vingi vya utafiti haviingii maji, ila uliza kwanza. Vya bei nafuu vingine hudai hivyo kwenye boksi tu. Kuhusu udhu, maji lazima yafike ngozini chini ya mkanda, kwa hiyo legeza mkanda ukisogeze, au kivue na ukirudishe. Mkivua, andikeni saa. Ukivua bila kuandika, mchambuzi atakuta mkono uliotulia tuli kwa nusu saa na atashindwa kujua umelala, umezimia, au kihisi kiko juu ya kabati.

6. Kwa nini kimeniandikia hatua nyingi siku niliyoshinda jikoni?

Kwa sababu kihisi cha mkononi kinaona mkono, hakioni miguu. Kukuna nazi, kusonga ugali, kufua kwa mkono na kutwanga vyote vina mdundo unaofanana na wa mtu anayetembea. Kinyume chake, ukibeba ndoo kichwani huku mkono umeishika, mkono hauning'inii wala haupungi, na safari ya kisimani inaweza kupotea yote. Bodaboda kwenye barabara ya vumbi nayo huzua hatua za bure.

Programu nyingi za kutambua shughuli zimefundishwa kwa data za watu wa Ulaya na Marekani, ambao hawatwangi. Ndiyo maana utafiti mzuri huanza kwa kuwaangalia watu wachache kwa macho, ukiandika wanachofanya dakika kwa dakika, kisha ukafananisha na namba.

7. Hiyo taa ya kijani inanyonya damu?

Hainyonyi. Tunajua swali linakotoka: hadithi za mumiani hazijafa, na mgeni anayekuja na kifaa chenye taa anaanza akiwa ameshashukiwa. Taa humulika ngozi, na damu inapopita kwa kila pigo la moyo kiasi cha mwanga unaorudi hubadilika. Kifaa kinahesabu mabadiliko hayo, basi. Mgawaji mwenye busara hukivaa yeye mwenyewe kwanza mbele ya watu.

Swali zuri zaidi ni kama kinapima sawasawa kwenye ngozi nyeusi. Kwa vifaa vya kupima oksijeni, utafiti wa hospitalini Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulipitwa bila kuonekana karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kwa hiyo namba ya oksijeni ya saa ya dukani usiifanyie uamuzi wa kwenda au kutokwenda hospitali.

## Faragha yenyewe

8. Namba tupu zinaweza kunifichua vipi?

Zaidi ya unavyodhani. Mkono uliotulia unasema umelala saa ngapi na umeamka mara ngapi. Mtoto mchanga ndani ya nyumba anaonekana kwenye usingizi wa mama yake. Mtetemeko wa maradhi ya Parkinson unaonekana. Faragha ya ndoa, samahani kwa kulisema wazi, nayo ina mwendo na ina mapigo ya moyo. Rukuu na sijda zina umbo lake, na wapo watafiti waliokwishaifundisha simu kuzitambua. Maana yake faili la mtu linaweza kusema dini yake na kama ameswali leo, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

GPS ndiyo hatari kuliko zote. Unapolala ni kwako, unaposhinda ni kazini kwako, na pale unapopita Ijumaa jioni pia panaonekana. Mwaka 2013 watafiti walichambua mienendo ya watumiaji wa simu milioni 1.5 wakakuta nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Hapakuwa na jina hata moja.

Na hata ukichanganya watu wote pamoja bado mambo huvuja. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilitoa ramani ya dunia ikionyesha njia ambazo watumiaji wake hukimbilia, bila majina. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akagundua kwamba katika majangwa ya Syria na Afghanistan ramani ilikuwa giza tupu, isipokuwa vijiduara vinavyong'aa: askari wa kigeni wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Mahali ambapo hakuna mwingine anayevaa kifaa kama chako, kuchanganywa hakukufichi.

Kuna la ajabu zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Stanford na wenzao walionyesha kwamba jairoskopu ya simu, kifaa cha kupimia mzunguko ambacho programu yoyote ilikuwa inaruhusiwa kukisoma bila kuomba ruhusa, inaweza kunasa chembechembe za sauti ya mtu anayezungumza karibu. Hivyo kasi ya kupima si jambo la mafundi peke yao. Mara 30 kwa sekunde zinatosha kutofautisha kutembea na kukaa. Anayetaka mara 200 aeleze anazitafutia nini.

9. Mnasema jina langu halimo, nimepewa namba. Haitoshi?

Haitoshi. Chukua kijiji kimoja na faili lenye namba 017: mvaaji anaamka saa 9 usiku siku sita za wiki, mikono inakanda kwa nusu saa, kisha anasimama mahali pamoja mpaka saa 12 asubuhi. Mtafiti aliye London ataona "usingizi mfupi". Mwanakijiji yeyote ataona muuza maandazi, na atamtaja kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kutoa jina ni hatua ya kwanza. Karatasi inayounganisha majina na namba iwekwe mbali na data, chini ya mtu mmoja anayejulikana, na iwe na tarehe ya kuchanwa.

10. Basi ni njia zipi zinazolinda kweli?

Ya kwanza, na ambayo haijawahi kudukuliwa, ni kutorekodi. Kabla ya kununua kifaa chochote mtafiti aandike swali lake kwa sentensi moja, kisha afute kila kihisi ambacho sentensi hiyo haikihitaji.

Mfano tunaoupenda ni wa Kilifi. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa afya nchini Kenya, walitaka kujua nani hukaa karibu na nani nyumbani, kwa sababu magonjwa ya kifua hupita njia hiyo. Wangeweza kuweka kamera. Badala yake watu 75 wa nyumba 5 walivaa vibandiko vidogo vya redio kwa siku tatu mfululizo. Kibandiko hutoa mawimbi hafifu ambayo mwili wa binadamu huyazuia, kwa hiyo viwili huonana pale tu watu wanapoelekeana, kwenye umbali wa kama mita moja na nusu. Kilichoandikwa ni: namba fulani ilikuwa uso kwa uso na namba fulani, saa fulani. Hakijulikani walikuwa chumba gani, hakuna walichosema. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na ukiibiwa faili lile mwizi anaambulia kidogo sana.

Ya pili ni kuchakata ndani ya kifaa. Kihisi kinaweza kusoma mwendo mara 50 kwa sekunde, kikaamua chenyewe "dakika hii alikuwa anatembea", kikahifadhi neno hilo moja na kutupa namba nyingine zote. Hasara yake: kesho ukigundua programu ilikosea kutwanga na kutembea, huna pa kurudi. Watafiti wengi hushindwa kuvumilia wazo hilo na kuhifadhi kila kitu "ikitokea tukahitaji". Hapo ndipo faragha nyingi hufia.

Ya tatu ni kubadilisha utambulisho kila baada ya muda. Mwaka 2020 Apple na Google walipotengeneza mfumo wa kuwatahadharisha watu waliokaribiana na mgonjwa wa korona, simu zilitangaziana namba za nasibu kwa Bluetooth, namba zikibadilika kila baada ya dakika 10 hadi 20, na ulinganishaji ukafanyika ndani ya simu ya mtu.

Ya nne ni kupunguza makali kabla ya kutoa: saa badala ya sekunde, wilaya badala ya mtaa, wastani wa watu wengi badala ya mtu mmoja. Wataalamu huongeza pia makosa madogo ya makusudi kwenye majumlisho ili kuwemo au kutokuwemo kwa mtu mmoja kusionekane. Njia hiyo ina hesabu zake tangu mwaka 2006.

Usimbaji fiche, yaani kuzifunga data zisisomeke bila funguo, tumeuacha mwisho kwa makusudi. Ni lazima uwepo, kwenye kifaa na njiani kwenda seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data. Lakini unamzuia mwizi peke yake. Haumzuii mwenye funguo.

11. Nimeombwa kuvaa kamera shingoni. Nikubali?

Kamera hizi zina kazi ya maana. SenseCam, iliyobuniwa na Microsoft huko Cambridge, ilikuwa ikipiga picha kila baada ya sekunde kama 30, na ilisaidia wagonjwa waliopoteza kumbukumbu kurejea siku zao. Kamera za kuvaa zimetumika Ghana pia kupima watu wanakula nini, kwa kuwa chakula cha sinia moja hakipimiki kwa kuulizana.

Kabla hujakubali, hakikisha haya: kuna kitufe cha kuisimamisha, unajua pa kuivua, yaani chooni, bafuni, chumbani, msikitini au kanisani, zahanati, benki, na wewe ndiye wa kwanza kuona picha zote na kufuta utakazo, mtafiti akiwa hayupo. Sharti hilo la mwisho likikosekana, kataa.

Shida kubwa ni wasiovaa. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akiwa na kanga moja hajasaini karatasi yoyote. Kuna programu za kutia ukungu kwenye nyuso, ila hukosa baadhi, na kanga ya mtu inatambulika bila uso. Pale ambapo swali linaweza kujibiwa bila kamera, sisi hatuitumii.

12. Na vinavyorekodi sauti?

Vipo vinavyorekodi vipande tu, kwa mfano sekunde 30 kila baada ya dakika kumi na kitu, ili mazungumzo kamili yasikusanyike. Mvaaji husikiliza kwanza na kufuta. Mengine ni yaleyale ya swali la 11, na kwa vifaa vinavyotoa kipimo cha kelele tu bila sauti yenyewe, soma "ya pili" kwenye la 10.

## Ridhaa na sheria

13. Nikishasaini naweza kukivua na kuacha?

Ndiyo, saa yoyote, bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu au stahili nyingine. Uliza pia kitakachotokea kwa data zilizokwishachukuliwa: zinafutwa, au zinabaki? Jibu liwe kwenye karatasi ya ridhaa, kwa Kiswahili unachokielewa. Mzee wa mtaa akikubali utafiti ufanyike mtaani, hajakubali kwa niaba ya mkono wako.

14. Sheria inanilinda?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kamishna wake. Habari za afya zinahesabiwa kuwa nyeti, na data zikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, anayezihifadhi anatakiwa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Uganda ilitunga yake 2019, Rwanda 2021. Utafiti wa afya unahitaji pia kibali cha kamati ya maadili. Namba ya kibali iwe kwenye karatasi yako, pamoja na simu ya kamati, si ya mtafiti pekee.

15. Saa niliyonunua dukani nayo iko hivyo?

Hapana. Hapo mkataba wako ni yale maandishi marefu uliyobonyeza "nakubali" bila kuyasoma, na data nyingi huenda kwenye seva za nje. Kampuni huuzwa pamoja na data zake: Google ilipomaliza kuinunua Fitbit, kampuni ya bangili na saa za mazoezi, mwaka 2021, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaiwekea sharti la kutotumia data hizo za afya kwa matangazo kwa miaka 10, kwa watumiaji wa Ulaya. Wa Mombasa hakutajwa.

Zima GPS usipokimbia. Kwenye mipangilio, hakikisha njia zako haziko wazi kwa kila mtu.

## Mambo magumu

16. Mume wangu anataka kuona data zangu. Mtampa?

Hapana. Wala hatumpi mke za mume, mama mkwe, au balozi wa nyumba kumi. Tunajua kwamba nyumbani jibu hilo linaweza kuleta maneno, kwa hiyo ni heri vifaa visivyo na kioo, visivyoonyesha chochote kwa mtu anayekishika. Pia tunaeleza hili mbele ya wote siku ya kwanza, ili mzigo wa kukataa uwe wetu.

17. Mwajiri anagawa saa bure kazini.

Uliza anaona nini: wastani wa idara nzima, au wewe umelala saa ngapi jana? Ridhaa kwa mtu anayekulipa mshahara ni ridhaa yenye kigugumizi. Ukiivaa kazini tu na kuiacha kwenye droo jioni, umeshapunguza nusu ya tatizo.

18. Polisi wanaweza kuzichukua?

Kwa amri ya mahakama, inawezekana. Marekani, jimbo la Connecticut, mtu alidai mkewe aliuawa na mvamizi saa fulani mwaka 2015. Kifaa cha Fitbit cha marehemu kilionyesha alikuwa bado anatembea baada ya saa hiyo. Mume alitiwa hatiani mwaka 2022. Safari hii kifaa kilimtetea mwenyewe. Usitegemee kitakuwa upande wako kila mara, na kumbuka kwamba kilichofutwa kwa wakati hakiwezi kuombwa.

19. Mtoto wangu avae?

Mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto naye aulizwe, na akisema hataki iishe hapo. Kihisi cha mtoto kisiwe na GPS isipokuwa swali lenyewe linahusu mahali.

20. Kimepotea au kimeibwa.

Toa taarifa siku hiyohiyo. Hutalipishwa, na kama karatasi yako inasema utalipishwa basi lalamika kwa kamati (swali la 14). Kihisi cha akselerometa peke yake chenye usimbaji hakimpi mwizi kitu. Kamera ni dharura, piga simu usiku huohuo.

21. Nauza saa yangu janja ya zamani.

Itenganishe na simu, irudishe kwenye hali ya kiwandani, kisha ingia kwenye akaunti yako ufute na historia iliyoko kwenye seva. Kufuta kwenye saa pekee hakufuti kule. Mkanda nao ubadilishe, maana jasho la miaka miwili hakuna anayelinunua.